Babu Yoeli wa Ngare Nanyuki

Jumanne, 1 Julai 2025

Siku kumi na moja tu, wazee wa kina Gadiel, mchumba wangu, waje nyumbani kujitambulisha. Baba, katibu wa ukoo wetu wa Pallangyo, kanipa kazi: niandike historia ya familia, ukurasa mmoja, ataisoma mwenyewe mbele ya wageni. Nikamwambia majina yanatosha. Hataki! Anataka na tarehe, na usharika aliobatizwa kila mtu. Haya.

Baridi ya Sekei imezidi. Nimeanza kufagia, nikaacha. Nimeanza kupiga pasi, nikaacha. Mimi na kusubiri hatupatani.

Ijumaa, 4 Julai

Nimetoroka ofisini Kijenge saa nane, nikapanda juu ya Tengeru mpaka kanisa alilobatiziwa Babu Yoeli, baba yake Baba. Mama wa ofisi ya usharika kanitolea daftari kuukuu, kanionya nisilambe kidole kufunua kurasa. Nikacheka.

Halafu sikucheka tena. Yoeli, 1952. Baba mzazi: Ndesanjo Kaaya. Mlezi: Abdiel Pallangyo.

Kaaya! Gadiel ni Kaaya!

Nimesoma mara nne. Nimepiga picha, nikapiga nyingine. Kama Babu alizaliwa Kaaya, basi Baba ni Kaaya, na mimi pia. Na sisi Wameru hatuoani ndani ya ukoo. Kwisha habari yangu.

Au aliyeandika alikosea? Watu hukosea — hata wachungaji.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya ibada, moja kwa moja kwa Bibi Elifuraha, dada yake Babu. Ndiye pekee aliyebaki wa nyumba ile.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umekonda hivyo, wakwe si watatukimbia?"

Kanijazia bakuli la loshoro, mahindi na maziwa mgando. Nikamsomea ile picha kwenye simu. Akaweka mwiko chini, akakaa.

Kisha akasema. Mwaka ule Waingereza walipowahamisha kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki yeye alikuwa na miaka kumi na miwili. Nyumba zinachomwa, watu wanakimbia na ng'ombe. Baba yake, Abdiel, akamkuta mtoto mdogo kando ya maiti ya mama yake, akambeba. Baadaye wakasikia kwamba baba wa mtoto naye kafariki. Wazee wakachinja kondoo wa kumwingiza ukoo, Yoeli akawa wetu.

"Yakaisha," akasema. "Na wewe usiyafukue."

Nikamuuliza, Baba anajua? Hajui. Basi tunaojua ni wawili, na hilo daftari.

Njia nzima nimerudi na hasira. Nimkasirikie nani? Mtu kaokota mtoto porini, kamlea — kosa lake nini?

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, hakuna kazi, nafasi tele ya kuwaza. Na nimewaza jambo ambalo heri nisingeliwaza.

Violet! Binti wa baba mdogo. Desemba Baba alisimama kwenye kikao cha ukoo akauvunja uchumba wake na Godbless, kwa kuwa Godbless ni Pallangyo wa tawi la mbali. Violet alilia mpaka sauti ikakauka. Mimi nikamwambia mila ni mila, atapata mwingine. Mdomo wangu huu!

Babu yake Violet ni huyu huyu Yoeli. Kama mimi ni Kaaya, na yeye ni Kaaya. Hakuwa ukoo mmoja na Godbless hata siku moja.

Nikisema, namkosa Gadiel. Nikinyamaza, Violet ndiye anayelipa. Na ananipenda, mjinga yule.

Alhamisi, 10 Julai

Nilimpigia Gadiel nimwambie. Akaanza habari za suti, imembana mabegani, babu yake kamcheka. Nikacheka na mimi. Nampenda, basi! Sikusema kitu.

Ukurasa nimeuandika: "Yoeli, mwana wa Abdiel Pallangyo." Baba kausoma, kafurahi, kaniambia nina kipaji. Nimejifungia chooni nikalia.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika chumbani kwa Mama. Wageni wamekaa sebuleni. Nguo imenipwaya kiunoni, Violet ananibana kwa pini. Amekuja tangu alfajiri, amemenya ndizi sufuria mbili, anaimba.

Nimemuuliza kama bado anawasiliana na Godbless. Kasema anapiga kila Jumapili, yeye hapokei. "Nitapokeaje, dada? Si ni kaka yangu?" Kisha kaniambia nisimame wima, asinichome.

Pini zimeisha. Ameenda kuomba nyingine jikoni, kaniambia nisisogee.

Baba ameanza kusoma. Sauti yake inafika mpaka huku, imejaa raha, na wageni wanaitikia.

Simu iko kitandani, picha ya daftari iko wazi. Sijui kama nimeiacha wazi kwa makusudi. Ningeweza kuizima, mkono unafika.

Viatu vya Violet hivyo, kwenye korido.