Dada, Nilicheka Pamoja Nao

La Rochelle, Johannesburg, 2019

Mpendwa dada Rehema,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Walipokucheka darasani, na mimi nilicheka.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinisuka Jumapili huku ukinisomea kitabu cha maktaba, ukigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili papo hapo? Tulipofika kwa wale dada wawili wa Vietnam ya kale, waliopanda tembo wakaongoza watu dhidi ya watawala kutoka China, ulisoma kwamba waliwafukuza wageni. Nikauliza, "Wageni si hukaribishwa?"

Ukanivuta nywele. "Tulia, wewe. Hawa walikuja na jeshi, wakatoza kodi, wakamuua mume wa yule mkubwa. Huyo ni mgeni gani? Na hata asingekuwa na mume, angempanda tembo tu."

Wiki iliyopita niliisimulia habari hiyo kwenye somo la historia. Nilifika mwisho. Ndipo Thabo akasema kutoka nyuma, "Eish, kumbe hata wanawake wa Vietnam walijua kufukuza makwerekwere." Ndivyo wanavyotuita sisi tuliotoka nje. Darasa likaangua kicheko. Akaongeza, "Kama yule msusi Mtanzania wa pale kona. Alikimbia bila viatu."

Nilicheka. Msichana niliyekaa naye akaniuliza, "Wewe si una dada msusi?" Nikajibu, "Hapana, wangu yuko Midrand, anafanya kazi ofisini."

Nina hasira, dada. Na Thabo, ambaye mama yake ulimsuka miaka mitatu. Na mwalimu, aliyesema tu, "Kimya, tuendelee." Na waliovunja saluni yako mchana kweupe, majirani wakitazama kutoka mlangoni mwa duka la spaza. Wewe ulikuwa na jeshi gani? Vitana na kiti cha plastiki? Ulimtoza nani kodi? Lakini hasira kubwa ni juu yangu mwenyewe. Wale wawili walikwenda vitani pamoja. Mimi nilikukana kwa kuogopa kicheko.

Mama anasema nisikuulize utarudi lini kutoka Tanga. Sikuulizi. Msalimie bibi.

Leo nilimwomba mwalimu dakika tano. Nilisimama mbele nikasema msusi yule ni dada yangu wa tumbo moja, anaitwa Rehema, na habari ya Midrand niliitunga. Nikaeleza tofauti ya mtu aliyekuja kutawala na mtu aliyekuja kufanya kazi. Thabo akasema, "Sharp, sawa, tumesikia, kaa chini." Sikukaa mpaka nilipomaliza.

Mdogo wako