Unyayo wa Namba Arobaini na Tatu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa kwa mtaa huu msaada hutoka kwangu kwenda kwa watu, maana mimi ndiye niliyeleta upelelezi wa kisayansi hapa kwetu kabla hata polisi hawajajua kwamba unyayo hupimwa, na ukimuuliza yeyote Jicho yuko wapi atakusindikiza mpaka karakana ya samani ninakofanya kazi, tena kwa heshima. Shule niliishia darasa la sita, si kwa kushindwa, ila walimu waliishiwa na vya kunifundisha.

Miaka kumi na miwili iliyopita randa ya umeme ya bosi wetu ilipotea. Wenzangu walipiga kelele, mimi nikafungua kabati la vifaa nikaangalia, nikafunga, nikazungukazunguka nikiwaza, kisha nikachutama na kuuona unyayo kwenye vumbi la mbao mbele ya kabati lile lile, nikaupima kwa futi yangu ya kukunja: namba arobaini na tatu, kisigino kimelika upande wa nje, na upande wa vidole umefifia, dalili ya mtu anayenyata. Nikamwita fundi wa vanishi, tuliyezoea kumwita Twiga kwa urefu wake, nikamwambia kanyaga hapa pembeni, akakanyaga, urefu ukalingana, kisigino kikalingana. Kwisha habari. Aliapa, akalia, akavua aproni akaenda zake, nami nikapigiwa makofi. Kisa hicho nimekisimulia harusini, misibani na kwa kinyozi, na sikatai kwamba siku nyingine huwa naongeza mbwa wawili wa polisi walioshindwa kazi.

Aliyekisikia kuliko wote ni mtoto wa dada yangu, binti niliyemlea tangu akiwa darasa la pili. Sasa yuko chuo kikuu anasomea sayansi ya uchunguzi wa jinai, lakini si ile ya makoti meupe na maiti, yeye anaisoma kwa hisabati, takwimu na kompyuta. Mwanzoni nilimwambia wamekudanganya, mwanangu, mwizi hakamatwi kwa kujumlisha na kutoa. Akacheka, akaniambia, "Mjomba, hapo ndipo kazi yenyewe ilipo."

Likizo hii amekuja na bunda la karatasi na sinia la wino, akataka nyayo za viatu vya wanaume sitini, na ni mimi niliyewapanga foleni, maana bila sauti yangu asingepata hata sita. Twiga alikuja, mimi nikajifanya natafuta misumari. Kisha nami nikakanyaga. Binti akaingiza vipimo vyote kwenye kompyuta, akaanza kunihoji kama hakimu.

"Mjomba, siku ile ya randa mlipima viatu vya watu wangapi?"

"Kimoja. Kilitosha!"

"Na vya wengine?"

"Vya wengine vya nini, na mwizi tumeshampata?"

Alicheka mpaka akashika meza, akasema hilo ataliandika vile vile nilivyolitamka. Kisha akanigeuzia kompyuta. "Namba arobaini na tatu, kisigino kimelika nje: watu kumi na mmoja kati ya sitini. Twiga ni mmoja wao. Na wewe pia umo, Mjomba."

Nikamwambia kompyuta haijui heshima. Akainua karatasi yangu, akaitazama. "Mbona yako upande wa vidole imebaki nyeupe?"

"Natembea kwa adabu."

"Unavaa namba ngapi hasa?"

"Arobaini na tatu, kwani huoni?"

Akaikunja karatasi vizuri akaitia kwenye faili.

Sasa shida yangu ni hii, mshauri, na hii haijawahi kutoka kinywani mwangu. Randa haikuibiwa. Wiki tatu baada ya Twiga kuondoka, shemeji yake bosi aliirudisha. Bosi mwenyewe ndiye aliyemwazima akasahau. Sehemu hiyo huwa siisimulii. Twiga siku hizi ana karakana yake mitaa miwili kutoka hapa, nami nikipita hubadili upande wa barabara. Ijumaa ijayo binti atasimama mbele ya walimu wake na sisi wazazi, aeleze utafiti wake, na amesema ataanza na kisa changu kwa sababu ndicho kilichomfanya achague masomo haya. Nikimwambia hapakuwa na mwizi, si atavunjika moyo aache chuo? Nikinyamaza, atasimama mbele ya maprofesa ameshika uongo wangu mkononi. Nifanyeje?

Jicho wa karakana


MSHAURI ANAJIBU

Kaka yangu Jicho, pole, na hongera kwa kulea. Mtoto wa dada yako anajua kazi yake na anakupenda, vyote viwili vinaonekana. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Unaogopa binti atavunjika moyo. Binti huyo amekusanya nyayo za wanaume sitini kwa mikono yake! Wewe ulipima kiatu kimoja ukamfukuzisha mtu kazi, yeye anasomea jinsi ya kuzuia watu kama wewe wasirudie. Ukweli wako hautamtoa chuoni, utampa sababu ya kubaki. Kitakachomuumiza ni kusimama pale na kumwita Twiga mwizi, halafu ausikie ukweli kwa mtu mwingine.

Na acha kujidanganya kwamba tatizo lako ni binti. Tatizo lako ni ile mitaa miwili. Umesimulia kisa hiki misibani, watu wakiwa na huzuni zao, na mbwa ukaongeza, lakini mtu mwenye kisa hukumpa hata salamu.

Fanya hivi. Kesho mchana, watu wakiwa kazini na wakikuona, nenda kwa Twiga. Usiende na zawadi wala na hadithi. Mwambie randa ilirudi, mwambie ulijua, omba radhi, na akitaka kukutukana mwache amalize. Ukitoka hapo nenda kwa binti, kabla hujanywa hata maji, umwambie yote. Kama atakitumia kisa au ataacha, hiyo ni kazi yake.

Jambo moja lanisumbua. Unyayo wa mbele ya kabati ulififia vidoleni. Wako kwenye karatasi nao umefifia vidoleni. Binti amekisikia kisa chako mara ngapi, Jicho? Jiulize kwa nini aliikunja ile karatasi vizuri.


BARUA YA PILI

Dada mshauri, nimekwenda. Twiga alinisikiliza huku akipiga msasa mguu wa kiti, wala hakuacha nilipofika pabaya. Nilipomaliza akasema, "Miaka kumi na miwili, Jicho, mitaa miwili tu ilikushinda?" Akanisogezea kigoda kwa mguu, nikakaa.

Binti nilipomweleza alisema, "Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe, Mjomba," akaenda kurekebisha ukurasa wake wa kwanza.

Ijumaa tulikaa safu moja, mimi na Twiga. Binti alieleza yote, randa, shemeji, kiatu kimoja, watu kumi na mmoja. Ukumbi ulicheka, na Twiga ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Binti alipofika kwenye unyayo wenyewe alisema tu kwamba pengine uliachwa na mtu aliyefungua kabati kuitafuta hiyo randa, akanitazama kidogo, akaendelea na takwimu zake. Profesa wake alinipa mkono, mara mbili, wengine aliwapa mara moja.

Ila wewe uliniuliza juu ya ule weupe wa vidoleni, nami nitakujibu wewe tu, na wasomaji wako. Mguu wangu ni namba thelathini na tisa. Mbele ya kiatu huwa natia matambara.