Mkono Ulipoanza Kuchezacheza

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linasemaje siku hizi? Na Baba, bado anagombana na redio yake? Sisi huku hatujambo, ila nina mengi ya kukueleza, kwa hiyo kaa kwanza.

Uliposikia nina mimba uliniagiza nifanyiwe upasuaji, ukasema mwenye kifafa hawezi kuhimili uchungu. Mume wangu naye akawa upande wako. Nikigusia tu habari hizo, anashika randa yake ya useremala na kuparua ubao mpaka unakaribia kuisha. Nikaenda kumuuliza daktari wa mishipa ya fahamu. Alinieleza kwamba kifafa peke yake si sababu ya kupasuliwa, na wengi wenye hali yangu hujifungua kawaida. Cha kuogopa zaidi ni kuacha dawa na kukosa usingizi. Mkunga wa hospitali akaongeza kuwa chumba cha upasuaji kiko mlango wa pili tu kutoka chumba cha kujifungulia. Basi nikachagua njia ya kawaida. Nilitaka, Mama, angalau mara moja mwili huu uaminiwe.

Uchungu ulinianza nikiwa kwenye cherehani, napindia mapazia ya mteja. Tukaenda hospitali. Dawa nilimeza kama kawaida, lakini uchungu ulirefuka mno na usingizi ukagoma kabisa. Kulipokucha, mkono wa kushoto ukaanza kuchezacheza, ile dalili unayoijua. Nikamshika mkunga, nikamwambia, “Kinakuja.” Wakanichoma sindano, kikapita bila kuniangusha. Mkunga akasema mtoto yuko salama, akaniuliza kama bado nataka kuendelea. Mume wangu akafungua mdomo, nikamtazama, akaufunga. Nilikuwa nimechoka, na mwili wangu ulishaniambia ulichotaka kuniambia. Nikasema mwenyewe, “Nipelekeni nikapasuliwe.” Sikulia. Uamuzi huo ulikuwa wangu kama ule wa kwanza.

Una mjukuu wa kike, Mama. Baba yake amempachika jina Kelele, nawe ukimsikia hutauliza kwa nini.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Sikukuita mapema kwa sababu niliogopa macho yako, vile unavyonitazama tangu utotoni, kama kikombe kilichowekwa ukingoni mwa meza. Leo najikuta namtazama huyu mtoto vilevile, naye hana hata ugonjwa. Nimekuelewa. Mkunga ameniasa nisimwogeshe nikiwa peke yangu, na nguo nimbadilishe chini sakafuni. Mume wangu anajitahidi, ila anamshika kama ubao uliopakwa rangi mbichi.

Njoo, Mama. Njoo tuogope sote wawili, mtoto akiwa anaoga.

Nisalimie Baba na majirani wote.

Ni mimi mwanao,
Mama Kelele