Kanga Anayefukuzwa Chakulani

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Habari za huko uliko? Kifua chako je, bado kinakubana wakati wa baridi? Sisi hapa wazima, tunamshukuru Mungu. Goti langu linanisumbua, lakini goti la uzeeni halina adabu.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Miaka mitatu tangu uondoke sijakuandikia, wala wewe hukuandika, kila mmoja amekaa na lake. Leo nina shida ya kanga. Wale ndege wako wameongezeka, na tangu vifaranga wa mwaka jana wakue, bandani hakuna amani. Kuna dume mmoja jeuri amemchagua mwenzake wa kumwonea. Maskini akisogea kwenye chakula anafukuzwa uwanja mzima, manyoya ya mgongo yamekwisha. Wengine wanatazama tu. Wewe ndiye uliyekuwa unawajua ndege hawa. Nifanyeje?

Kaka yako hajambo, anakusalimu sana.

Mama yako

20 Februari

Shikamoo Mama,

Barua imefika. Kifua kimepona. Nafua mashuka ya hoteli, na chumba cha kufulia kina mvuke mchana kutwa, labda ndiyo dawa yenyewe.

Kuhusu kanga, kwanza jua una madume wangapi. Kwa macho hutawatofautisha, wasikilize. Jike hulia mlio wa vipande viwili, kama anayeita na kujiitikia mwenyewe. Dume ana kipande kimoja tu. Madume wakizidi ni vita, uza wengine. Dume mmoja kwa majike wanne au watano anatosha. Na chakula kitawanye sehemu mbalimbali, dume mmoja asiweze kuzilinda zote.

Halafu Mama, usimtoe anayefukuzwa. Wengi hukosea hapo, wanamhurumia, wanamtenga. Ukimtoa yeye, yule jeuri atatafuta mwingine. Mtoe anayefukuza. Mfungie peke yake wiki kadhaa; akirudi atakuta wenzake wameshapangana bila yeye.

Salamu za kaka nimezisoma. Sikuzipokea.

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi, natumaini hujambo. Barua yako imenikuta nimeshakosea. Yule mnyonge nilikuwa nimempeleka kwa jirani, nikijiona nina huruma. Siku nyingi hazikupita, dume akamgeukia jike anayeatamia, akamtimua kwenye mayai.

Barua yako niliisoma mara mbili. Najua uliandika habari za kanga tu, wewe si mtu wa mafumbo. Lakini niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Salamu za kaka yako nilizitunga mimi. Hakukusalimu. Hata mimi hanisalimu. Ulipokuwa hapa alikuwa anakupiga, nami nikasema wewe ndiye mwenye mdomo, nikakufungia mzigo kwa mikono yangu ili nyumba itulie. Ikatulia miezi michache. Sasa zamu ni yangu. Hanipigi, usiogope, ila ananitimua jikoni kwangu mwenyewe, na juzi alinifokea mbele ya muuza maziwa. Nikacheka, nikamwambia yule bwana kwamba mwanangu anapenda utani. Mchelea mwana kulia hulia yeye; methali hiyo nilikuwa naisema kwa watoto wa wenzangu.

Usimwambie mtu.

Mama yako

6 Aprili

Mwanangu,

U hali gani? Hukujibu, nami sikulaumu.

Dume nimemtoa, yuko kwenye tundu lake nyuma ya nyumba, anapiga kelele kutwa kama amedhulumiwa. Yule mnyonge nimemrudisha. Bado anasubiri wenzake washibe ndipo asogee, ingawa hakuna anayemzuia tena.

Na kaka yako nimemtoa. Nilimwita mjomba wako awe shahidi, nikamwambia akatafute pa kuishi. Alinitukana mpaka getini, majirani wakatoka na miko mikononi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka, nikarudi ndani nikaosha vyombo.

Chumba chako nimekifagia, lakini sikuiti. Nataka kuja mimi, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, nikuombe msamaha nikikutazama usoni. Kwenye karatasi haitoshi.

Mama yako

13 Aprili

Shikamoo Mama,

Pole na yote, na pole na goti. Nimefurahi kwamba umepumua.

Lakini usije. Nitakuambia sababu, na ukinichukia ni haki yako. Mwaka juzi mwenzetu mmoja kazini alifiwa na mama yake. Tulikuwa tumekaa naye, kila mtu anasimulia habari za mama yake, wakanigeukia mimi. Nikasema wangu alishakufa. Wakanikumbatia, wakanipa pole, na mimi nikaipokea. Tangu hapo wananilea kama yatima. Mashuka yakiwa mengi wananipunguzia. Na anayenionea huruma kuliko wote ni huyo huyo aliyefiwa. Sasa ukitokea langoni nitasema nini? Naona haya kwao, Mama, na kwako naona haya zaidi.

Mwanao

19 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, goti limekubali kusafiri.

Nimeisoma barua yako. Sikukasirika. Nililia kidogo, nikanyamaza, maana sikuona wa kumlaumu. Siku ile niliyokufungia mzigo hukuwa na mama, kwa hiyo hukuwadanganya sana. Pole waliyokupa ilikuwa yako.

Jumamosi ile nakuja. Waambie mimi ni mdogo wa marehemu, ndiyo maana tunafanana. Nitaitikia. Nitakaa kidogo, sitasema mengi, na mbele yao sitakuita mwanangu.

Mama yako mdogo

25 Aprili

Shikamoo Mama,

Nimewaambia. Jana wakati wa chai nilisimama nikasema mama yangu yu hai na anakuja kuniona. Yule aliyefiwa aliweka kikombe chini akatoka, na mpaka sasa hasemi nami. Ana haki. Wengine wananitazama kwa pembeni, na leo mashuka yangu nimefua yote mwenyewe.

Hoteli ina malango mawili. Pita la nyuma, la wafanyakazi. Mlinzi atakuuliza unamtaka nani. Usiseme habari za mama mdogo. Sema umekuja kumwona mwanao.

Mwanao