Msizike Yago

Kalerwe, Kampala

Mama yangu,

Naomba barua hii ikukute umekaa, na lile goti lako limepunguza makelele. Mimi mwili ni mzima. Mvua imetutesa wiki mbili, soko zima ni tope, na omena wangu, dagaa ambao hapa wanaitwa mukene, wamekataa kukauka, lakini nakula. Shemeji Wafula, pokea salamu zako, maana najua karatasi hii umeishika wewe, na ndiyo sababu naandika Kiswahili. Unapomsomea Mama usiruke kitu. Mara ya mwisho uliruka pale niliposema nimelazwa hospitali, halafu nikalaumiwa mimi kwamba naficha habari.

Mama, uliniuliza kama mzike yago. Ulisema baba mdogo amechoka kungoja, kwamba mwaka umepita tangu ndugu yangu Odhiambo apotee, na mtu asiyeonekana lazima lile tunda la yago lizikwe badala ya mwili wake. Ukasema wewe umekataa, kwa sababu ukizika tunda utakuwa umekubali. Ulitaka nikuambie mimi niliye karibu.

Shemeji, mshike mkono kwanza.

Msizike yago, Mama. Odhiambo alikufa, lakini ana kaburi. Nimeligusa kwa mikono yangu.

Sasa nieleze, na katika kueleza kuna jambo nililokuficha. Unakumbuka alitaka kwenda kaskazini kununua ufuta. Kule baada ya vita hakujatulia, mgeni haendi tu. Unatakiwa uwe na barua ya mwenyekiti wa RC, baraza la mtaa wako, ipigwe muhuri, ipelekwe wilayani ipigwe mwingine, na ukifika unapewa mtu wa kukuongoza. Huyo anakupeleka soko moja na kukurudisha. Odhiambo alichukia kuongozwa. Alisema watu hao wana marafiki zao wanaouza, watamlazimisha anunue ufuta wenye mchanga. Alitaka kupita nyumba kwa nyumba, mwenyewe.

"Dada, lugha yao na yetu ni ndugu," aliniambia. "Nikifungua mdomo tu wananipa kiti. Karatasi ya nini?"

Nikamwambia asubiri, nikapeleka barua yake kwa mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa amekwenda matangani Masaka, na muhuri alikuwa ameubeba kwenye mfuko wake, maana ni mmoja na hamwachii mtu. Odhiambo alingoja wiki nzima. Siku ya nane akafunga magunia yake, tukagombana mbele ya wateja. Unaujua mdomo wangu. Nilimwambia nenda, utakiona cha mtema kuni, na usirudi kunililia mimi. Akaondoka bila kuniaga.

Siku mbili baadaye mwenyekiti akarudi. "Nyabo, pole sana," akasema, "stampu ilikuwa na mimi kwa kufiwa. Leta hiyo karatasi." Akaipiga muhuri palepale, na wilayani hawakunichelewesha. Magari ya kwenda kaskazini yanapakia hapa Kalerwe kila asubuhi, madereva nawajua kwa majina. Ningempa yeyote ile barua, ingemfikia. Sikumpa. Niliitia kwenye mkebe wa sukari nikasema acha apate adabu. Mama, hilo ndilo nililokuficha mwaka mzima.

Mwezi uliopita akaja mwanamke wa kule na mzigo wa ufuta, anauliza soko zima dada wa Mkenya, muuza mukene. Mkononi alikuwa na ile sweta ya kijani uliyomfumia. Alisema imetumwa na bibi mmoja wa kijijini kwao, wanamwita Mama Okot.

Nilikwenda. Safari hii nilikuwa na karatasi zote na mihuri yote, na nilipofika nikapewa wa kuniongoza, Ojok, mtu mpole mwenye kikohozi. Tulipofika kwenye njia ya kwenda kwa yule bibi, akasimama. "Mama, karatasi yako inasema soko," akaniambia. "Kijiji haisemi. Nikikupeleka watanifunga mimi." Nguvu za kugombana sikuwa nazo. Akakaa chini kando ya barabara, akageuka upande wa pili. "Mimi nakohoa hapa mpaka saa tisa," akasema. "Sioni kitu."

Basi nikaenda peke yangu, kama alivyokwenda yeye. Na Odhiambo hakusema uongo, Mama. Nilisalimia kwa lugha yetu, wakacheka jinsi ninavyoivuta, wakanipa maji. Mwanamke mmoja aliacha kupalilia akanifikisha hadi mlangoni. Na kiti nilipewa.

Mama Okot alinieleza yote bila kunipamba. Odhiambo alipita vijiji viwili akipokewa vizuri, halafu akaona kizuizi cha askari mbele, akakumbuka hana barua. Akakwepa kwa kupita kwenye kinamasi. Alinyeshewa siku mbili, na alipofika kwa bibi huyu homa ilikuwa imeshampanda kichwani. Zahanati ipo, ila iko ng'ambo ya kile kizuizi.

"Nilimwambia tukubebe," bibi akasema. "Akakataa. Alisema, nikijibu maswali yao watanisikia kama kijana wa huku, na kijana wa huku asiye na karatasi ni mtu wa msituni, muasi. Alisema tungoje. Dada yake anayo karatasi yake, ataileta."

Siku nne, Mama. Bibi anasema kila gari liliposimama barabarani alinyanyua kichwa na kusema, "Huyo ni dada."

Siku zote hizo alimwita yule bibi mama. Siku ya mwisho alikuita wewe, kwa jina lako.

Amemzika kando ya nyumba yake, pale angemzika mwanawe, na amelizungushia kaburi miiba mbuzi wasipite. Nililala juu ya kaburi lile mpaka bibi akaja kuniinua. Mwili siruhusiwi kuusafirisha, kwa hiyo nilichota udongo wa kichwani pake nikaufunga kwenye sweta.

Kwenye kizuizi, kilekile, tuliteremshwa garini, mimi na Ojok. Askari mmoja akanifungulia mfuko. "Hii ni nini ndani?" Nikasema udongo. Akadai karatasi, nikatoa zote mbili, yangu na ile ya kwenye mkebe. Akazisoma polepole.

"Hii ingine imekwisha muda yake," akasema. "Na huyu mwenyewe iko wapi?"

Nikamwonyesha sweta. Ojok alitaka kunisemea, askari akamzuia kwa mkono, akachukua daftari lake. Akaandika jina langu, na chini yake akaandika Odhiambo, jina zima, kama lilivyo kwenye karatasi. Kisha akateremsha kamba tukapita.

Mwambie baba mdogo achimbe kaburi la kweli, na lile tunda aliache mtini. Nakuja na udongo mvua ikipungua. Barua ya RC nitaizika pamoja naye, ni yake. Na Mama, kama utakuwa hutaki kuniona, sitakulaumu. Mtume Akinyi mdogo wangu aje apokee sweta langoni, mimi nitageuka nirudi.

Nisalimie Akinyi na mtoto wake, na baba mdogo pamoja na hasira zake. Nisalimie jirani yetu mwenye posho mil ya kusagia unga, alimpenda sana Odhiambo. Shemeji, asante kwa kusoma hadi hapa. Usimwache Mama peke yake leo.

Ni mimi binti yako niliyekaa na karatasi,

Atieno