Kwa Kadzo, Aliyebaki na Mashine

Mpendwa mwanangu Kadzo,

Leo nimepita kwenye vidimbwi vya chumvi, pale nilipofanya kazi hadi mgongo ukakataa. Upepo ni ule ule wa kuziba masikio. Nimekukumbuka ukiniletea chakula, kisha uking'ang'ania kunisaidia kufungua malango ya maji ya bahari. Nilikuwa nikikupigia ukelele, "Fungua la pili!" nawe sharti ujibu, "La pili, nafungua!" ndipo uguse. Siku moja ukafungua bila kujibu, tena si la pili bali la tatu. Maji yakaingia kwenye chumvi iliyokwisha kuganda, yakaiyeyusha yote. Ulilia wee! Nikakwambia, "Nyamaza. Kesho utajibu kwanza."

Ndiyo maana nilicheka uliponipigia simu mara ya kwanza kutoka huko ughaibuni, kwenye mtambo wa umeme wa nyuklia. "Baba, huku nako hakuna kugusa swichi mpaka urudie neno la mwenzako!" Nilizunguka Gongoni nzima nikijigamba, na wenzangu wanaopinga kujengwa mtambo kama huo kwetu Kilifi wakaninunia. Mamako alikuwa hai bado. Yeye alinifinya mkono tu.

Jumapili ulinambia kwamba akili bandia sasa ndiyo isomayo vipimo vyote. Chumba mlimokuwa sita mmebaki wawili, na mwakani huenda akabaki mmoja. "Inajua hitilafu kabla yangu, Baba. Mwenzangu naye macho kwenye skrini yake; zamu nzima sina wa kunirudia neno." Kisha ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Watanibakisha kweli?"

Nikakujibu, "Watakubakisha, mwanangu. Mungu yupo."

Sikuwa mkweli, Kadzo. Tangu mamako atutoke, humu ndani nasalimiana na kuku. Nikitoka nasema, "Naenda," na hakuna wa kusema, "Haya, nenda." Ulipokata simu nilipiga magoti nikaomba hiyo mashine ikushinde, ili urudi. Mimi huyu, niliyekusukuma usome! Nimeona aibu hata kanisani sijakanyaga.

Sasa naomba upya, uachiwe kiti chako. Mdomo unaomba, moyo haujakubali. Basi wakikuachisha kazi, usinipigie siku hiyo. Ngoja siku mbili tatu. Wewe utakuwa walia, na mimi sauti yangu itakuwa na furaha, nawe utaisikia.

Kaa salama, mwanangu. Jibu kwanza, ndipo uguse.

Babako,
Gongoni