Sabuni Katika Chombo cha Nyogokuru

Karuba, Jumamosi mchana, 1956. Mvua toka asubuhi. Ukungu umeshuka mpaka ng'ombe wanasikika bila kuonekana.

Sijamwambia mtu hata mmoja: ni mimi niliyeosha icyansi ya Nyogokuru kwa sabuni.

Ninaandika hapa kwa sababu karatasi haigombezi. Icyansi ni chombo cha mti cha maziwa, na hiki Nyogokuru, bibi yangu, alikuja nacho siku alipoolewa. Kwetu hakiguswi na sabuni. Kinafukizwa kwa moshi wa majani, na ule moshi njo unayapa maziwa utamu. Mtoto mdogo anajua. Mimi niko na miaka kumi na tano, ninasoma Kiswahili na Kifaransa, na nilikisugua mpaka kikang'aa.

Yote yalianzia barazani kwa Mademoiselle, mwalimu Mwingereza wa misheni. Kila asubuhi kabla ya shule nilimpelekea bidoni ya maziwa, naye alinifundisha Kiingereza kidogo, yeye na kikombe chake cha chai, mimi na miguu yenye umande. Darasani sikuwahi kunyoosha mkono. Pale niliongea.

Alinionyesha kwamba kitenzi chao mara nyingi hakitembei peke yake. "Look" ni kuangalia tu. Weka "for" nyuma yake, inakuwa kutafuta. Weka "after", inakuwa kuchunga, kama sisi na ng'ombe. Weka "down on", vineno viwili pamoja, na umeshamdharau mtu. Nilimwambia nimeelewa: ni kama ng'ombe wetu, hatoi maziwa mpaka ndama wake asimame pembeni. Alicheka hadi chai ikamwagika. Halafu akasema kuna vineno vinavyokubali kitu kiingie katikati, "put the cup away", rudisha kikombe mahali pake, na vingine vinakataa kabisa. Huwezi kusema "look the calf after". Nikauliza kwa nini. Hakujua. Ni mazoea tu, alisema.

Ninakumbuka ile baraza kuliko ninavyokumbuka darasa lolote. Harufu ya chai, na ya kalamu ya risasi iliyochongwa sasa hivi. Jina langu kinywani mwake lilikuwa na silabi moja zaidi, na sikumsahihisha.

Siku ya mwisho, kabla ya kurudi kwao, alinipa orodha ya vitenzi na kipande cha sabuni yake. Aliwahi kusema, kwa upole, kwamba vyombo vyetu vinanuka moshi. Hakuniambia nivioshe. Hilo ni langu. Nilitaka kitu kimoja cha nyumbani kwetu kiwe vile ambavyo angependa, hata kama ameshaenda.

Sasa siku ya nane, maziwa ya Bihogo yanakataliwa.

Bihogo ni ng'ombe mwekundu wa Nyogokuru. Maziwa yake tu njo anakunywa, na katika chombo kile tu. Siku ya kwanza alionja, akakirudisha. Siku ya pili vilevile. Mara mbili nimekifukiza kwa siri, lakini sabuni imeingia ndani ya mti. Hakuna aliyefikiria chombo, maana hapa hakuna anayeweza kuwaza kwamba muntu angekiosha. Wanamfikiria ng'ombe. Nyogokuru anasema kuna jicho baya lililomwangalia. Papa, baba yangu, anasema kiwele kimeharibika. Kaka yangu Anselme alinigeukia mbele ya wote: "Wewe Madamu Anglais, muongeleshe Bihogo Kiingereza, pengine atapona."

Walicheka. Nilicheka nao, Mungu anisamehe.

Jana jioni Papa alikata maneno. "Kesho kutwa muntu wa Walikale anakuya. Atabeba Bihogo, atatuachia mbuzi."

Kule Walikale, msituni, ng'ombe hawafugwi. Wanaliwa.

Nyogokuru hakubisha. Alitoka nje kwenye manyunyu, akamshika Bihogo pembe, akamtajia jina lake, la mama yake na la bibi yake, kama tunavyowasifu ng'ombe wakati wa furaha. Kisha akasema polepole: "Unisamehe, mama. Sijue ni nani alitukosea."

Mimi nilikuwa nyuma ya ua, na ndoo mkononi.

Kwenye orodha ya Mademoiselle kuna "put off", kusogeza jambo mpaka siku nyingine. Nimekijua hicho kitenzi vizuri wiki hii. Ninaogopa fimbo ya Papa, kidogo. Ninaogopa zaidi atakachosema: kwamba shule njo inatufundisha kuona haya ya vyombo vya kwetu, basi shule imekwisha. Na nitamjibu nini? Ile "look down on" niliifikiri ni kitenzi cha watu wengine.

Ningetoa nini leo nisikie tena ule moshi ndani ya maziwa, nikiwa mdogo, nimekaa kati ya magoti ya Nyogokuru, nikinywa baada yake, povu likibaki kwenye pua yangu naye akilifuta kwa kidole.

Sabuni imebaki kipande kidogo. Nimeitupa chooni.

Ninasikia fimbo ya Nyogokuru kwenye mawe ya uwanja. Anakuja upande huu, taratibu, anasimama kupumua, anaendelea. Siku zote karatasi hii inaingia chini ya mkeka kabla hajagusa mlango.

Leo inabaki hapa kwenye magoti yangu. Yeye hajui kusoma. Nitamsomea mwenyewe, toka mstari wa kwanza.

Muntu wa Walikale bado hajafika. Leo bado iko leo.